Kidevu cha Ndooni

Fundi cherehani hakuwahi kumshonea mtoto sketi ya shule bila kuacha pindo la inchi mbili. "Mtoto hakui kwa ruhusa ya fundi," aliwaambia wateja, pini zikiwa mdomoni. Kwa kidevu cha binti yake hakuwa na subira hiyo. Kilikuwa kirefu, kimechongoka, kidevu cha mawifi watupu, na kila wakikaa mezani alijiona kama anakula nao.

Alimpeleka hospitali kikapunguzwe. Daktari wa upasuaji aliuliza umri, kwa sababu taya ambalo halijamaliza kukua halikatwi.

"Kumi na saba," mama alisema.

Binti, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alitazama viatu vyake. Aliogopa kukatwa, lakini alimwogopa mama zaidi. Daktari akaandika kumi na saba. Picha ya mifupa hakupiga, maana foleni ilikuwa imefika ngazini.

Baada ya upasuaji, kipande cha mfupa kilichokatwa walipewa ndani ya chupa yenye maji ya dawa. Mama alikiweka kwenye rafu ya vifungo. Wiki ya pili kilikuwa kimeongezeka unene wa kidole. Mwezi wa tatu kiliota gego, chupa ikapasuka, kikahamishiwa kwenye ndoo. Mama aliifunika ndoo kwa kipande cha bitana, akaendelea kushona kola.

Usoni pa binti hakikuongezeka kitu. Taya la juu lilisonga mbele, la chini likabaki palepale, meno yakaacha kukutana. Alishindwa hata kukata mkate. Alikuwa akijifungia chooni, anakishika kidevu kwa vidole viwili, anamwomba Mungu kisogee japo kidogo, huku nyuma ya mlango anayasikia meno ya ndooni yakisagana.

Walirudi kwa daktari na ndoo yao. Alipima vyote viwili kwa rula ya chuma.

"Hiki cha ndooni kinakwenda vizuri sana," alisema. "Cha kwako kimesimama."

"Kitaanza tena lini, dokta?" binti aliuliza.

Aliyejibu ni taya la ndooni, kwa sauti ileile ya binti. "Mimi nina miaka kumi na mitatu. Bado nakua."

Daktari alifungua faili. "Hapa pameandikwa kumi na saba," alisema kwa upole, "na mzazi ametia sahihi." Akagonga muhuri: ukuaji umekamilika. Mama alishukuru, akabeba ndoo.

Siku hizi mama akipakua, nyama anayopewa binti huanzia ndooni. Taya huisaga taratibu, kisha mama humchotea kwa kijiko. Binti hungoja, mikono magotini. Kinyaa kimekwisha, hofu haijamtoka, kwa kuwa kila tonge linalopita kule huona linazidi kumwacha nyuma.

"Kaa wima," mama humwambia. "Umependeza hivyo, hata hushukuru."

Mdogo wa binti, wa miaka minane, hukaa upande wa pili wa meza. Mchana mmoja mama aliacha kupakua, akamkazia macho.

"Hebu geuka kidogo, mwanangu," alisema. "Nikuone kwa upande."

Mtoto alikiziba kidevu kwa viganja vyote viwili, akageuka.