Kifungo na Uzi wa Mama

Kifungo alikuwa na miaka mitatu na kazi moja duniani: kumkatia mama yake uzi kwa meno. Mama mtu alikuwa fundi cherehani na mkasi anao, tena mkali, lakini mtoto akishanogewa na kusaidia utamwambia nini? Siku alipouma uzi akapiga yowe, fundi alimpanua kinywa. Meno ya mbele ya juu yalikuwa ya kahawia, yameliwa.

Badala ya kutafuta daktari kwanza, akatafuta mkosaji. Nyani haoni kundule. Akampigia simu mama mkwe wake.

"Ni pipi zako hizo, mama! Umeniharibia mtoto. Haji tena kwako."

Mama mkwe hakubishana. Ila siku ya hospitali alifika, akampakata mjukuu wake, wakaingia wote watatu.

Daktari wa meno, mwanamke asiye na haraka, alimulika. Magego mawili yalikuwa yametoboka, na ya juu mbele yote manne yameoza.

"Si meno ya utoto tu, daktari?" fundi aliuliza. "Si yatang'oka yenyewe?"

"Yatang'oka, lakini bado miaka, na usaha haungoji. Magego tutayasafisha tuyavike kofia za chuma. Haya mawili ya katikati yameoza mpaka ndani, lazima yatoke. Mawili ya pembeni naweza kuyapaka dawa. Yatakuwa meusi, lakini uozo utasimama. Ila kama kilichoyaozesha kinaendelea, dawa ni kazi bure, nayo tutayang'oa. Ya mbele ya chini ni mazima, ulimi umeyafunika. Hivyo huwa kwa mtoto anayelala na chupa. Analala nayo?"

Fundi alitazama viatu vyake. Sare za shule za kushona zilikuwa zimejaa kitandani kwake. Kila alipotaka kushona kwa amani alimpa Kifungo chupa ya maziwa yenye sukari, na mtoto alilala nayo mdomoni, cherehani ikiunguruma. Sukari aliitia kwa mkono wake mwenyewe, vijiko vya kujaa.

"Ni mimi, daktari," mama mkwe alisema ghafla. "Pipi. Nimeshaacha."

Daktari akaanza kuandaa dawa ya kupaka. Fundi angeweza kunyamaza. Aibu ingekwisha pale pale, na jioni sare zingekuwa zinamsubiri, na chupa pia. Alijijua.

"Mama anajisingizia," alisema. "Ni chupa. Natia sukari ili alale, nishone. Nilimtukana bure."

"Nilijua, mwanangu," mama mkwe alisema taratibu. "Nimeiosha mara ngapi ile chupa akija nayo kwangu?"

Hapo ndipo fundi alipolia. Afadhali angetukanwa.

Mama mkwe alihamia kwao kwa muda, akawa anamlaza mtoto kwa kumpapasa mgongo. Chupa ilitupwa. Meno mawili meusi yalibaki, na katikati yake pengo.

Ufizi ulipopona, Kifungo alirudi kazini. Fundi alipomaliza mshono mtoto alidaka uzi, akauma. Uzi ukapita kwenye pengo. Akauma tena, akakunja uso, akavuta. Mwishowe akamnyooshea mama yake, umelowa mate.

"Haukatiki, mama. Kata wewe."

Mkasi ulikuwa pale pale mezani. Fundi alipapasa muda mrefu bila kuuona.