Kona ya Jumanne

Pale pagoda, Myat Phyu alimaliza kumwagia maji sanamu ya Budha ya kona ya Alhamisi, siku aliyozaliwa; kila siku ya juma ina kona yake hapo. Mama yake, aliyesimama kando, alikuwa ameambiwa asubuhi kwamba katika mwili wa Myat wanaishi wawili, Myat na Nyein. Myat alikuwa anangoja kufukuzwa nyumbani tu.

"Huyo mwenzio," mama akauliza, "ndiye anayenimalizia pilipili?"

"Ndiye, mama."

"Nilijua si wewe, mwoga we! Alikuja siku gani?"

"Jumanne. Tulikuwa darasa la pili."

Mama akajaza kikombe, akaenda kona ya Jumanne. "Mwambie aje amwage mwenyewe. Mimi si mtumishi wake."

Nyein akajitokeza mahali pa Myat, akakipokea kikombe kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwaga basi, watu wanangoja."