Jiwe la Zoubeida

Salimou alikuwa mshona makubadhi wa Mutsamudu. Kwenye kazi ya ngozi alianza tu, bila sherehe. Lakini alipotaka kuandika, alihitaji jiwe.

Jiwe lenyewe lilikuwa la mkewe, Zoubeida: kipande cha tumbawe alichosugulia kijiti cha msandali kwa matone ya maji, mpaka litoke lile rojo la manjano ambalo wanawake wa visiwani hujipaka usoni, msindzano. Wenzake walisugua asubuhi. Zoubeida alisugua baada ya alasiri, mumewe akiwa ameegemea ukuta, karatasi gotini. Kwaru, kwaru, kwaru. Mkwaruzo ukishika mwendo, maneno yanakuja. Ukikatika, yanakatika. Salimou aliacha shule darasa la nne na hakuwa na maelezo ya jambo hilo. Ndivyo lilivyokuwa, mwaka wa tatu sasa.

Na alichoandika hakikuwa cha mchezo. Kilikuwa waraka wa ukurasa mmoja, kwa herufi za Kiarabu ili hata asiyejua Kifaransa asome, juu ya mamluki wa kizungu walioshika nchi na askari wao: nani kapigwa, nani kachukuliwa, shamba la nani limezungushiwa waya. Aliukunja, akaushonea ndani ya soli ya kubadhi, ukavuka bahari kwenda Moroni, mji mkuu. Huko mpwa wake Houmadi alifumua soli, akanakili, akagawa.

Jumamosi Houmadi alikamatwa. Jumanne boti ilileta habari: wanamwambia ndiye mwandishi, na wanampiga mpaka akiri. Siku atakayokiri, ndiyo mwisho wake.

"Dawa ni moja," Salimou alimwambia mkewe. "Utoke waraka mwingine Ijumaa, yeye akiwa ndani. Utaje yule muuza samaki wa Itsandra waliyemvunja mkono juzi. Houmadi hawezi kuwa ameliandika hilo. Boti inarudi kesho kutwa asubuhi."

"Andika basi."

"Lete jiwe."

Zoubeida hakusogea. "Umesahau alichosema Saandia bombani?"

Saandia alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja, mke wa Moindjié, askari wa hao hao mamluki. Alisema mbele ya wanawake wote: "Zoubeida, kwenu mnajipamba alasiri kwa ajili ya nani? Maana ukisugua wewe, wiki haipiti Moroni kuna jipya la kusoma." Wanawake walicheka. Zoubeida alibeba ndoo yake nusu akaondoka.

"Ule ulikuwa utani," Salimou alisema.

"Utani wa mke wa askari una meno, Baba Naïma. Andika bila jiwe. Mtu mzima na ndevu zako, mpaka ubembelezwe?"

"Basi aandike mwingine."

"Nani? Hata hao wazungu wana mtu wa kuwasomea. Wanaijua namna yako ya kusema kama mchungaji anavyojua kwato za mbuzi wake. Akiandika mwingine watasema ni rafiki zake Houmadi wanamkingia. Andika wewe."

Jumatano aliamka na kalamu mkononi. Aliosha miguu, akakaa. Alitafuna karafuu, akakaa. Alishuka njia ya Mirontsy mpaka akaloa jasho, akarudi, akakaa. Alichukua jiwe mwenyewe akajaribu kulikwaruza kwa mkono wa kushoto huku akiandika kwa wa kulia. Likatoa sauti ya panya aliyenaswa, Zoubeida akamnyang'anya. Karatasini palikuwa na maneno mawili, "Ndugu zangu," nayo ameyakata. Kila alipoinama alimwona Houmadi, na palipokuwa na Houmadi hapakuwa na neno.

Adhana ya alasiri ikalia. Wakasali. Salimou akarudi ukutani, akaitazama ile karatasi kama mtu anayetazama deni.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Ilitoka nyuma ya ukuta wa pili, kwa Saandia.

Zoubeida alimshika mkono. "Mtego. Wanataka uandike, waingie wakukute nayo."

"Kama ni mtego, tulinaswa tangu bombani," alisema Salimou, akatia kalamu kwenye wino.

Likaja neno la kwanza, la pili likalifuata. Alimwandika muuza samaki, mkono wake, mizani yake iliyokanyagwa. Alikuwa nusu ya ukurasa aliposikia viatu vizito kichochoroni. Viatu vikapita mlangoni kwake. Vikaingia kwa jirani. Mkwaruzo haukukatika.

"Unasugua saa hizi?" Ilikuwa sauti ya Moindjié.

"Nisugue saa ngapi? Asubuhi nakufulia magwanda. Au unataka mke mwenye uso wa jivu?"

Salimou alibaki na kalamu hewani, jasho likidondoka puani. Zoubeida alikuwa ameshika kibiriti, tayari kuchoma karatasi.

"Haya," alisema Moindjié kwa sauti ndogo. Kwaru, kwaru. Salimou akashuka mpaka mstari wa mwisho.

Wino ulikuwa haujakauka Saandia alipoingia, amejitanda shuka lake la shiromani, bakuli la msindzano mkononi. Salimou aliificha karatasi mgongoni.

"Zoubeida, nilikwambia bombani uache, ukanuna," Saandia alisema. "Moindjié amepewa kazi. Asikilize nyumba gani inasugua alasiri. Leo amesikia. Ni nyumbani kwake mwenyewe. Aende akawaambie."

Zoubeida aliweka kibiriti chini. Salimou ndiye aliyeuliza: "Kwa nini, bibie?"

"Nilipoolewa sikuwa na mama. Fundi, dada yako, mamake Houmadi, ndiye aliyenipaka hii." Aliweka bakuli chini. "Hayo makubadhi ni ya nani?"

"Ya mteja wa Moroni."

"Yashone vizuri," akasema, akatoka.

Ijumaa Salimou mwenyewe alikuwa Moroni, amevuka na makubadhi yake mpaka mtaa wa Badjanani. Chamsidine, mwenye duka na rafiki wa Houmadi, alinakili asubuhi yote mpaka vidole vikakakamaa. Waumini walipotoka msikitini, waliokuta karatasi ndani ya viatu vyao walikuwa arobaini na kitu. Salimou naye alikuta yake. Akaisoma pamoja na wenzake, taratibu, kwa uso wa mtu asiyeijua. Lori la askari lilipofika, karatasi zilikuwa zimeshaingia makanzuni.

Jumatatu walimtupa Houmadi barabarani. Kucha mbili hazikuwepo, na hakuwa amekiri. Salimou alimrudisha Mutsamudu kwa mama yake.

Zoubeida sasa anasugua asubuhi, kama wanawake wote. Alasiri nyumba yao iko kimya. Salimou amehamishia mkeka wake ukuta wa pili, ule wa kwa Saandia, naye hukaa hapo, karatasi gotini, akisubiri kwaru ya kwanza.