Bunduki Moja Isiyokaguliwa

Mdogo wangu Orrin alikufa Jumanne ya paredi ya Septemba, saa tisa alasiri, kwenye malisho ya mzee Tuttle, bunduki yake ilipopasuka karibu na shavu. Mama alikuwa amekaa na watazamaji, hatua hamsini tu. Alifika kabla yangu.

Mwaka ule mume wangu, Lyman Wilmarth, alikuwa luteni wa mgambo wa kijiji chetu. Alichaguliwa na wenzake kwa kura, kama sheria ya jimbo letu la Vermont inavyotaka, na hakumhonga mtu hata kikombe cha ramu. Kazi ya luteni si kuning'iniza upanga kiunoni. Kabla ya vita vya kuigiza, watu wanapofyatuliana baruti tupu, yeye hupita mstari mzima akipokea bunduki moja moja. Huutumbukiza mdeki, ile fimbo ya chuma ya kushindilia baruti, ndani ya mtutu. Chuma kikilia kama kengele, mtutu ni mtupu. Kikigota kizito, kuna kitu ndani, na luteni hamruhusu mtu huyo kuondoka mpaka kitu hicho kitoke.

Katika paredi ya Mei mdeki ulidunda laini ndani ya bunduki ya Orrin. Lyman akachokoa, kikatoka kiota cha panya pamoja na vitoto vyake. Watu sitini walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kuanzia siku hiyo aliitwa Baba Panya, hata mlangoni pa kanisa. Orrin alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Akaacha kwenda popote penye watu.

Ndiyo maana Jumatatu jioni, Lyman aking'arisha vifungo vya koti lake, nilimwambia, "Kesho umpite Orrin."

"Nimpite vipi?"

"Tazama jiwe la gumegume, mrudishie bunduki yake. Ameisafisha wiki nzima. Wanangoja tu wamcheke."

"Thirza, ile ni kazi yangu."

"Na yule ni shemeji yako."

Aliendelea kusugua vifungo.

Alfajiri vijana wanne walikuja kumwamsha luteni kwa desturi ya huku, kwa kufyatua bunduki chini ya dirisha lake. Walifyatua kwa mpigo mmoja, vioo vikatetemeka. Lyman akafungua mlango akiwa na shati la kulalia, akawamiminia ramu. Orrin alikuwa mmoja wao.

"Luteni gani huyu mwenye miguu ya kuku?" alisema, na wenzake wakaangua kicheko. Nilifurahi. Tangu Mei sikuwa nimemsikia akitania. Alikunywa glasi moja, kutoka mkononi mwangu, akakataa ya pili.

Kwa mshindo ule, nani angejua kwamba zimelia bunduki tatu tu, si nne?

Mchana nilisimama kando ya ua nikitazama ukaguzi. Mdeki ulilia, ukalia, ukalia. Lyman alipomfikia Orrin, mtu mmoja wa mstari wa nyuma alipaza sauti, "Luteni, waangalie wajukuu wa Baba Panya!"

Vicheko vilianza. Orrin akawa mwekundu mpaka masikioni. Lyman aliitazama gumegume, akaishika bunduki kitambo kidogo, kisha akamrudishia.

"Safi," alisema, akasogea kwa mtu anayefuata.

Orrin alinitafuta kwa macho, akanikonyeza.

Baada ya mazishi mhunzi alikagua vipande vya ule mtutu. Alisema baruti ya asubuhi haikuwaka. Ilibaki chini na karatasi yake, na ya alasiri ikashindiliwa juu yake. Labda zaidi ya mara moja. Kijijini hawakusema hivyo. Walisema Baba Panya alikuwa amelewa.

Siku moja kabla ya baraza la uchunguzi, Kapteni Rudd, mkuu wa kikosi chetu, alikuja kwetu. Hakuvua kofia.

"Lyman, kesho Kanali atakuuliza swali moja. Ulikagua bunduki zote? Sema ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu tunaandika kwamba kijana alilewa, akashindilia mara mbili, yamekwisha."

"Hakulewa," nilisema.

"Shemeji, marehemu haumwi na neno. Mumeo ataumwa. Atavuliwa cheo mbele ya wilaya nzima, na mimi nitachekwa pamoja naye."

"Mama yake ataumwa," Lyman alisema.

"Basi chagua," alisema Kapteni, akaenda zake.

Lyman hakula. Wala hakuniuliza lolote, na hilo ndilo lililonitisha. Nilijua akisema kweli wataulizia sababu, na mama angekuwepo.

Baraza lilikaa Alhamisi ya wiki iliyofuata, chumba cha juu cha nyumba ya wageni. Kanali alikuwa mzee mwenye kikohozi. Mama alikaa benchi la mbele, na mimi nyuma yake.

"Luteni Wilmarth, ulitumbukiza mdeki katika kila bunduki?"

Kapteni Rudd alikuwa akitazama dari. Lyman alimtazama Kanali.

"Katika kila bunduki isipokuwa moja."

"Ya nani?"

"Ya Orrin Goss."

Mgongo wa mama ulinyooka.

"Kwa nini?"

"Nilimwonea huruma, bwana. Wangemcheka."

"Uliamua peke yako?"

"Peke yangu."

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua nimesimama. "Anasema uongo," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwomba. Na Orrin alikunywa glasi moja tu, nilimpa mwenyewe."

Chumba kizima kiligeuka. Kanali alikohoa, akasubiri pumzi irudi.

"Keti, bibi. Wewe humo katika orodha ya kikosi." Kisha akamwambia karani, "Hilo usiandike."

Karani aliandika tu kwamba luteni alikiri kutotimiza wajibu, na kwamba marehemu hakuwa mlevi. Lyman alifungua mkanda wa upanga, akauweka juu ya meza.

Mama ndiye pekee ambaye hakuwa ameniangalia nilipokuwa nikisema. Sasa aliniangalia, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akachukua shali yake, akashuka ngazi.

Tangu hapo imepita miaka miwili. Lyman anasimama mstari wa nyuma kama watu wengine. Sheria inamtaka mpaka afikishe miaka arobaini na mitano, na sasa ana thelathini na mmoja. Hakuna tena anayelitaja jina la Baba Panya. Mama amehamia kwa dada yake, ng'ambo ya mlima. Huku barua hulipiwa na anayeipokea, na asiyeitaka huikataa, ikarudi. Nimemwandikia tano. Hajajibu hata moja, na hakuna iliyorudi.