Skii Ndefu Kuliko za Oddny

Kano la goti lilipokatika, Ragna alikaa misimu miwili bila kuteleza kwenye theluji. Daktari alipomruhusu kurudi mlimani, alikuta nafasi yake imeshachukuliwa, na aliyeichukua ni mdogo wake wa tumbo moja, Oddny.

Mji mzima wa Sogndal ulikuwa ukimjua Oddny sasa. Marafiki walewale waliozoea kumgongea Ragna mlango theluji ikianguka, siku hizi walimpigia simu Oddny. Kwenye duka la vifaa vya mlimani walibandika picha yake ukutani, yuko hewani, magoti kayakunja, anacheka. Ragna ndiye aliyemfundisha kusimama kwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea, akimshikilia koti kwa nyuma asianguke, lakini hilo hakuna aliyelikumbuka. Wiki iliyopita, kwenye foleni ya lifti, vile viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani, mtu asiyemjua alimuuliza, "Samahani, wewe si dada yake Oddny?" Ragna alitikisa kichwa kukubali, na tangu hapo siku yote ikamchachia.

Jumapili hiyo theluji ilikuwa imeanguka mfululizo, laini, ya kuzama mpaka magotini. Lile duka lilipiga hema chini ya lifti ili watu waazime skii mpya na kuzijaribu kabla ya kununua. Steinar, muuzaji, alimkaribisha Ragna kwa kahawa.

"Sasa unatafuta nini hasa?"

"Za kuchezea," Ragna alisema. "Theluji laini, msituni, kuruka kidogo. Ila na kwenye njia ya kawaida zishuke bila kunitetemesha."

Steinar hakufikiri sana. Alichomoa jozi ya rangi ya chungwa, akaikunja kidogo kwa mkono. "Hizi. Ni pana, hazizami kwenye theluji. Pua na mkia ni laini, katikati ndiyo pagumu kidogo. Mkia umepinda juu kama pua, ukitaka kurudi kinyumenyume unarudi tu. Zinakufika kwenye paji la uso. Kwa goti linalopona, zinatosha kabisa."

Ragna alizitazama bila kuzigusa. "Hizi si ndizo za Oddny?"

"Ndizo. Anazipenda mno."

"Nipe zile." Alinyoosha kidole kwenye jozi nyeusi, ndefu, iliyompita kichwa.

"Zile ngumu, Ragna. Zinataka mwendo kasi na mapaja yenye nguvu. Ukikosea kidogo, zinaamua zenyewe pa kwenda."

"Mimi nilikuwa nateleza huyo hajajua hata kufunga buti."

"Sijamtaja Oddny," Steinar alisema taratibu, akaanza kurekebisha vifungo vya kushikia buti.

Oddny alifika wakati huohuo, mashavu mekundu kwa baridi. Alimkumbatia dada yake, kisha akazitazama zile skii nyeusi kuanzia chini hadi juu.

"Dada, si kubwa hizo?"

"Zitakuwaje kubwa, na mkubwa ni mimi?"

Walipanda lifti pamoja. Watu waliokuwa wakipita chini yao walimpungia Oddny fimbo zao za kutelezea na kumwita jina. Ragna aliyatazama magoti yake mwenyewe. Angependa kufurahi. Alijaribu kweli, akashindwa.

Juu, Oddny aliingia msituni kwanza. Alishuka kama anayecheza: mara kaupanda ubavu wa korongo akarudi, mara karuka kijiwe, mara kageuka akawa anashuka kinyumenyume ili amwone dada yake. Kwa Ragna kule kutazamwa kulikuwa matusi. Zile skii nyeusi zilikataa kugeuka polepole, na kila alipozikaba kati ya miti, goti lilimjibu kwa maumivu. Mbele palikuwa na mwamba uliofunikwa theluji. Oddny aliruka, akatua kimya. Ragna akasema moyoni, kama huyu ameweza, na mimi naweza.

Aliruka. Mikia ya skii ilitua kabla yake, ikamrusha mbele, naye akazama kichwa kwanza. Alipoinuka akitema theluji, mguu mmoja ulikuwa na skii na mwingine hauna.

Oddny alikuwa ameshapanda hadi alipo, anahema. "Goti? Niambie goti."

"Goti ni zima. Skii imepotea."

Walipiga magoti wakaanza kuchimba kwa mikono. Skii ikizama kwenye theluji kama ile yaweza kuchukua nusu siku kuipata. Wakiwa wanachimba, Oddny akasema, "Kwa nini usichukue kama zangu? Steinar hakukuonyesha?"

"Alinionyesha."

"Sasa?"

"Sikutaka kuvaa chako." Ragna aliendelea kuchimba bila kuinua uso. "Kila kitu sasa ni chako. Mlima, watu, mpaka ukuta wa duka. Nakuonea wivu, Oddny. Haya, nimesema."

Oddny alikaa kitako kwenye theluji. Akanyoosha mguu mmoja. "Unazijua buti hizi?"

Ragna alizitazama. Zilikuwa zake za zamani.

"Koti, kofia, skii, buti, vyote nilikuwa nasubiri wewe uvichoke," Oddny alisema. "Zile za chungwa ndicho kitu changu cha kwanza kipya, nimechagua mwenyewe. Usifikiri wivu ni wako peke yako. Mimi nimekaa nao miaka mingi kuliko wewe."

Ragna alirudi kuchimba. Hatimaye kidole chake kiligonga kitu kigumu, wakaivuta ile skii pamoja. Oddny akavua zake, akazisukuma mbele ya dada yake. "Shuka nazo. Buti zetu ni saizi moja, vifungo vitashika. Nami nipambane na hayo madude yako."

Ragna alizivaa. Kwenye mteremko wa kwanza alishtuka zilivyogeuka mara tu alipofikiria kugeuka. Alipita kati ya miti, akapanda kituta, akajikuta hewani kidogo tu, akatua kama kwenye godoro. Kicheko kilimtoka. Halafu wivu ukamrudia, mkali kuliko asubuhi: kumbe mdogo wake huonja utamu huu kila siku.

Chini kwenye hema, Oddny alifika nyuma sana, anachechemea, anazitukana zile skii nyeusi.

"Nipe za chungwa," Ragna alimwambia Steinar. "Ila zizidi za Oddny kidogo kwa urefu. Hata kwa upana wa kidole."

"Jamani," Oddny alisema. "Hata aibu huna?"

"Sina."

Steinar alizipata, ndefu kidogo, akaanza kurekebisha vifungo vyake. Oddny alinunua soseji mbili, akampa dada yake moja, akasimama kando yake kuangalia kazi ile.

"Alhamisi tunapanda na wenzetu," alisema. "Utakuja?"

"Nitakuja. Nikitangulia kushuka, msinune."

"Tangulia basi, tuone," Oddny akajibu, akamfuta haradali shavuni.