Harusi Ndogo ya Adeer Abdirahim

Harusi ilikuwa ndogo. Abdirahim ndiye aliyesema hivyo, tena akasema msikitini, kwenye soko la mifugo, kwenye vibanda vya chai na katika kila simu aliyopiga, mpaka Garissa nzima ikajua kwamba Jumamosi kuna harusi ndogo, na ikajiandaa kuja. Bwana harusi, Salah, mwalimu mpole wa hesabu, alikuwa ameomba watu wa nyumbani tu. Lakini baba yake alikwisha kufariki, na Abdirahim, adeer yake, yaani mdogo wa baba, ndiye aliyesimamia mambo. Na mtu wa kusimamia mambo hapendi kuyasimamia mbele ya watu wachache.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuitangaza. Kiti cha mwenyekiti wa kamati ya amani ya wazee kilikuwa wazi, na wazee wa Balambala, wakiongozwa na Mzee Hared, walikuwa wakitafuta mtu wa kukikalia. Abdirahim alikuwa amekitamani kiti hicho miaka mingi. Akawaalika waje wamwone akiongoza watu, na wamsikie. Hasa wamsikie.

Nikaha ilifungwa asubuhi bila matatizo, kwa kuwa sheikh hakumpa Abdirahim nafasi ya kusema. Kufikia adhuhuri turubai lilikuwa limejaa. Jamaa wa Kotile walifika wamebanana kwenye lori na mbuzi wa zawadi. Walikuja majirani, na majirani wa majirani. Murithi, mtu wa Meru anayefundisha na Salah, aliketishwa mbele kama mgeni wa heshima, na kwa ajili yake watu wakakubaliana kusema Kiswahili, kila mmoja kwa kadiri alivyojaliwa.

Ndipo akaingia Rukiyo, eeddo wa bibi harusi Idman, yaani shangazi yake, aliyetoka Banissa. Nyuma yake wanawake wawili walibeba kitu kilichovishwa kama bibi harusi, kwa shela na shanga, kikinukia ubani. Ndani ya mavazi hayo kulikuwa na chombo cha kusukwa, na ndani ya chombo nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaushwa, ikakaangwa na kuzamishwa katika samli. Hiyo ndiyo xeero. Ilikuwa imezungushiwa kamba, fundo juu ya fundo, na ncha ya kamba imefichwa. Wanaume wa upande wa bwana harusi sharti waifungue bila kuikata, na kabla haijafunguka hakuna anayekula; jua likizama haijafunguka, bibi harusi anarudishwa kwao. Pale mjini wengi walikuwa wamesikia tu habari zake kwa bibi zao. Rukiyo alikuwa ameifunga kwa mikono yake.

"Kamba iko na mwanzo," alisema, akaketi kando ya chombo na fimbo mapajani. "Tafuta bole bole. Kisu hakuna. Ukikata, Idman narudi kwa mama yake na gari yangu leo."

Watu wakacheka. Salah hakucheka. Alikuwa amemposa Idman mara mbili kabla ya kukubaliwa, na aliyemkataa mara ya kwanza ni huyo huyo Rukiyo.

"Adeer, niache nijaribu," alinong'ona. "Nadhani ncha naiona."

"Bwana harusi hagusi. Wewe kaa kama sultani. Hii ni kazi ya uongozi."

Akaunda kamati. Kamati ikahitaji katibu, na Murithi akachaguliwa bila kuulizwa. Ikahitaji hotuba ya kufungua kikao, kisha hotuba ya kuwakaribisha waliochelewa hotuba ya kwanza. Kila aliyenyoosha mkono ovyo kwenye kamba alipigwa fimbo ya vidole, na kila fimbo ikampa Abdirahim jambo la kuzungumzia. Wali ukapoa. Alasiri ikaswaliwa, watu wakarudi na njaa zao, wakamkuta bado anashukuru. Rukiyo akatazama jua, akauliza begi la Idman liko wapi.

Abdirahim akamwona Mzee Hared akipiga miayo.

"Jamani, mgeni gani yule getini?" akapaza sauti.

Watu wakageuka. Wembe ukatoka kwenye pindo la kikoi chake, ukafanya kazi yake, ukarudi. Kamba ikaanguka chini.

"Imefunguka! Takbir!"

Makofi yalikuwa bado hayajakolea Rukiyo alipoiokota kamba, akaipitisha mikononi taratibu.

"Kamba yangu ilikuwa moja," alisema. "Sasa ni mbili. Imezaa?"

Rukiyo akamwita Idman, naye akatoka na begi mkononi, macho mekundu. Salah akasimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikasikika.

"Eeddo Rukiyo, nakuomba. Idman hajakosa. Kama ni adhabu, tupe sisi."

Rukiyo akamwangalia yeye, kisha akamwangalia Abdirahim kwa muda mrefu.

"Haye. Mbuzi sitaki, ngamia sitaki. Huyu mzee nafunga mdomo mpaka mgeni wa mwisho naondoka. Neno moja tu, wallahi, na sisi tumeenda."

Abdirahim akafungua mdomo ili akubali masharti. Fimbo ikainuka. Akaufunga.

Watu wakala, na sasa waliweza kusikizana. Wazee wawili wa Kotile waliokuwa hawaongei kwa sababu ya kisima wakapatana katikati ya sahani, maana hakuna aliyewasuluhisha. Abdirahim alimeza wali na hotuba kwa pamoja, jasho likimtiririka.

Ndipo Mzee Hared akasimama.

"Sisi tumekuja kutafuta mwenyekiti. Abdirahim, watu wanasema unataka hiki kiti. Sema hapa mbele yetu. Unataka?"

Jibu lilikuwa tayari miaka mingi. Likampanda mpaka kwenye meno. Akamtazama Rukiyo, na Rukiyo akatikisa kichwa: hata ishara hapana. Akamtazama Salah. Kijana hakuwa akimwangalia yeye, alikuwa akiliangalia begi la Idman pale mlangoni, na uso wake ulikuwa uso wa marehemu baba yake. Abdirahim akaumia kwelikweli. Akainamisha kichwa, akakiaga kiti kimoyomoyo, na machozi yakamtoka.

Mzee Hared akawageukia wenzake.

"Kila mtu tuliyemwuliza amesema mpaka tukasinzia. Huyu tumemwuliza cheo, amelia."

"Na ile kamba aliyoikata je?" mmoja akauliza.

"Amekosa, amehukumiwa na mwanamke mbele ya watu wote, na ametii. Nionyeshe mwenyekiti mwingine anayetii."

Wakampitisha pale pale. Hotuba hawakuiomba.

Wageni wakaondoka mmoja mmoja, na mwenyekiti mpya akawapa mikono getini, midomo imebanwa, mashavu yamemjaa. Idman akalirudisha begi ndani, Salah akamfuata, mlango ukafungwa. Wa mwisho alikuwa Rukiyo. Akaingia kwenye gari lake, akateremsha kioo.

"Sasa sema," akamwambia, na gari likaondoka.

Abdirahim akarudi mbio chini ya turubai, akasimama mbele ya viti vitupu, akasafisha koo.

"Ndugu zangu," alianza, "mimi si mtu wa maneno mengi."