Mbuzi wa Maziwa Kiamaiko

"Bila cheti sikuuzii," Gichuru wa duka la dawa za mifugo alisema, akaweka viganja vyote viwili juu ya kaunta kana kwamba Kathini angeiruka.

"Cheti cha nini? Juzi juzi ulinipa dawa ya kuku huku unakunywa chai."

"Hiyo ilikuwa juzi. Wakaguzi washafunga duka la jirani. Daktari aandike, mimi niuze. Usinikasirikie, Mama Koki. Hii sheria sikuitunga mimi."

Kathini hakukasirika. Alikuwa na haraka. Katika banda la mabati nyuma ya ploti, hapo hapo mtaani Baba Dogo, mbuzi wake Bosi alikuwa amesimama akitanua miguu ya nyuma, upande mmoja wa kiwele ukiwa moto na mgumu kama kiazi kibichi. Asubuhi ile maziwa yalitoka na mabonge. Bosi alitoa maziwa mengi kuliko wenzake wawili kwa pamoja. Kiwele kikifa, Bosi angebaki nyama tu.

Akampigia simu Daktari Leyla, daktari wa mifugo.

"Siandikii dawa mnyama nisiyemwona," daktari alijibu. Nyuma yake mapanga yaligonga magogo. "Niko Kiamaiko, nakagua nyama. Kwako nitafika kesho. Kama huwezi kungoja, mlete."

Kumpeleka mbuzi kwa wachinjaji ili apone! Kathini alicheka peke yake, akamfunga Bosi kamba shingoni, akavaa gamboti.

Walivuka barabara ya Outering polepole, Bosi akichechemea. Vijana wa kuosha magari wakawaona.

"Niaje, mathe! Huyo ni wa supu ama wa harusi?"

"Ni wa hospitali," Kathini akajibu bila kugeuka.

Kiamaiko ilinuka mafuta na moshi. Madalali walipita kati ya mbuzi wakiwabonyeza viuno. Kwenye mlango wa machinjio, Bosi alinusa sakafu yenye maji mekundu, akakita kwato zake na kugoma. Kathini alivuta, wapi. Kando yake alisimama mzee mwenye ndevu za hina, mkono ameunyoosha. Kathini akadhani ni msaada. Akamwekea kamba kiganjani, akasema ahsante, akaingia kumtafuta daktari.

Alipotoka na daktari, Bosi alikuwa na alama ya rangi nyekundu mgongoni, na mzee alikuwa ameshika noti.

"Bei nzuri, mama," alisema. "Uliza mtu yeyote kama Qorane hudhulumu."

"Huyu hauzwi!"

"Umeshauza. Hapa kamba ikitoka kwa mwenye mbuzi ikaingia mkononi mwa mnunuzi, biashara imeisha. Hata baba yangu alinunua hivyo."

Kathini akatazama nyuso za watu waliokuwa wamewazunguka. Waliitikia kwa vichwa, bila kejeli. Mzee hakuwa akidanganya. Ni Kathini mwenyewe aliyekuja soko la watu na adabu za Baba Dogo.

Daktari Leyla alikuwa ameshapiga magoti, anapapasa kiwele. Bosi akarusha teke.

"Atapona?" Kathini akauliza.

"Akichomwa sindano leo, atapona. Lakini akishachomwa, nyama yake hailiwi mpaka siku za dawa ziishe. Na maziwa hayanywewi. Usiuze, usimpe mtu. Umwage."

"Hata ya upande mzima?"

"Hata hayo."

Kathini akapiga hesabu. Wateja wake walikuwa na watoto. Mtoto hangoji siku za dawa ziishe. Wangeenda kwingine, na wengine wasingerudi. Noti za Qorane zilikuwa pale pale mbele yake.

"Mchome," akasema.

"Ngoja!" Qorane akaruka. "Ni wangu huyo!"

"Wako?" Kathini akasema. "Haya. Mnunulie nyasi, mkamue asubuhi na jioni, umwage, mpaka dawa imtoke. Mimi nitakuwa nakuja kumjulia hali."

Mtu mmoja akacheka, kisha soko zima. Qorane alimtazama Bosi, akatazama sindano, akatikisa kichwa. Akarudisha noti mfukoni, akamtupia Kathini kamba.

"Wewe mama ungekuwa dalali, tungelala njaa."

"Nina kazi yangu," Kathini akasema, akamshika Bosi pembe barabara ili daktari achome.

Daktari akaandika cheti cha sindano zilizobaki. Gichuru akakisoma mara mbili na kutoa dawa.

Jioni wanawake walijipanga mbele ya banda na majagi yao. Kathini aliwagawia maziwa ya wale mbuzi wawili, wenye watoto wachanga kwanza. Kisha akaketi kwa Bosi, akaanza kukamua chini, moja kwa moja kwenye mtaro.

"Wee Kathini!" Muhiba, aliyekuwa na mjukuu mgongoni, akapaza sauti. "Si unipe ya ule upande mzima, niyachemshe?"

"Dawa haitoki kwa moto. Maziwa ya Bosi hayatoki hapa mpaka nikuambie mimi. Leo kunywa strungi, chai bila maziwa."

"Strungi, na magoti yangu haya yanataka maziwa!" Lakini Muhiba aliweka jagi chini, akaja akamshika Bosi shingo ili atulie.

Kathini alikamua mpaka tone la mwisho, mgongo wima. Maziwa yakateremka mtaroni, meupe, yakipita mlango baada ya mlango, na watu walioketi vizingitini wakainua miguu kuyapisha.